Jina la Kanga

Mafinga, Jumapili, ukungu bado umeikalia mipaini.
Kwa fundi Mgimwa nimeokota kipande cha silingibodi,
kona moja imeliwa na maji. Sikulipa kitu.
Godoro la zamani la Luhekelo (jipya kaenda nalo bweni)
nimelikata upande wa miguuni.
Atanisamehe.

Juu yake nikatandaza kanga ya mama,
ile aliyoinunua kumsema shangazi.
Vuta, Tulalumba, vuta, usiuonee huruma!
Nyundo hatuna; vimisumari tumevigonga
kwa jiwe la kuzuia mlango,
kimoja kikanila kidole.
Pindo likageukia nyuma, pamoja na jina lake:
maneno yaliyonyamazisha nyumba mbili miaka tisa
sasa yanautazama ukuta.

Tukabandika risiti ya luku,
kadi ya kliniki, deni la mbolea,
picha ya Luhekelo na sweta la shule, hacheki.

Jioni shangazi kaja kuomba kaa la moto.
Akasimama. Akaupapasa ule ubao,
taratibu, kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.
Akauliza tu, "Pini imebaki?"
akachomeka namba yake mpya ya simu.