Sahani ya Ishirini na Sita

Nyuma ya kiwanda cha wanga, Attur,
maji meupe ya muhogo hutoka bombani
yakalala mtaroni hadi yageuke rangi ya bati kuukuu.
Nilifika na kijiko kilichochemshwa,
mifuko arobaini na mmoja, kalamu ya wino usiofutika.
Muthuvel mlinzi akaziba pua kwa taulo la begani:
"Dada, wenzako huja hapa kuiba muhogo.
Wewe waiba uvundo?"

Mama yangu alimenya muhogo hapa miaka kumi na tisa.
Vidole vyake vilinuka hata sikukuu ya Pongal,
hata juu ya wali wa sukari guru.
Nikiwa mdogo nilikataa kulishwa kwa mkono wake.
Hilo sikumwambia Dakta Ilango
aliponipa ramani yenye misalaba myekundu:
chimba hapa, na hapa.

Gramu moja ya udongo katika maji safi,
tone lake katika maji mengine, kisha tone la tone,
mpaka umati ukawa watu wa kuhesabika.
Nikawamwaga juu ya sahani za wanga. Nikangoja.

Wakaota: mweusi wa masizi, kijani cha shaba,
mmoja wa manjano, manyoya kama kifaranga.
Ukungu usiopaa na jua.
Ukungu wenye njaa.

Siku ya tano nikamimina iodini.
Sahani zote zikawa usiku,
buluu nzito inayokaribia weusi.
Ila ya ishirini na sita:
duara safi, upana wa kidole gumba na nusu,
pale palipokuwa wanga pamebaki mwanga,
na katikati kitu cha kijivu, hakina sura,
kimekula kote kilikozungukwa
bila meno, bila tumbo,
kinameng'enya nje ya mwili wake
kama mtu anayepikia uani.

Nikageuza mfuko kusoma mwandiko wangu.
Haukuwa wa msalaba wowote.
Ni udongo niliouchota kwa ukaidi tu,
chini ya bomba lililokatika,
wamenyaji walipokuwa wakinawa jioni.

Nikamwonyesha Mama picha kwenye simu.
Akaisogeza mbali, akaivuta karibu.
"Huyu anakula nini?"
Makapi ya kiwanda, Mama.
"Usiku na mchana?"
Usiku na mchana.
"Analipwa?"

Nikacheka peke yangu.
Yeye alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.