Hakuna Jipya

Saa tisa usiku, Oulu, theluji imeziba dirisha.
Irmeli amefuta kosa, mstari wa mia nne na mbili,
akaiambia mashine: jenga.
Mashine ikajibu: hakuna jipya.

Akafuta tena. Jenga. Hakuna jipya.
Akaandika tusi katikati ya msimbo,
la Kifini, refu, lenye irabu mbilimbili;
mashine ikalimeza bila kukohoa.

Akampigia Taneli, wakakosana.
Akayatilia shaka macho yake, kahawa, shahada.

Kumbe mle ndani betri, ndogo kama kifungo cha shati,
ilikata roho jana umeme ulipozimika,
na mashine ikaamka ikihesabu mwaka wa sabini,
mama yake Irmeli bado yuko darasa la pili.
Kila alichoandika usiku huu
kilizaliwa kabla ya kile kilichoharibika jana,
na kwa sheria ya mashine
mzee hamrithi kijana.

Akaiweka saa sawa kwa mkono.
Kisha akazigusa faili zote, moja moja,
kama mtu anayeamsha watoto wa shule.

La kwanza kuamka
lilikuwa lile tusi.