Chumba cha Kuhema

Kuna chumba cha kuhema
Malindi, bahari nyuma;
mkanda hauna koma,
mbio tele, hujafika.

Kazi yangu kufagia,
taulo kuwakunjia,
wageni wakikimbia
hadi jasho kuwatoka.

Thoya, fundi wa mitambo,
mpenda kuzua mambo,
alinitegea fumbo
na ndoo nimeishika.

"Nyevu, hebu nikwambie:
ndege kubwa tuitie
mkandani, ikimbie;
je, hewani itaruka?

Tairi zikenda mbele,
mkanda warudi vile,
kasi hii kama ile.
Nijibu pasi kucheka."

Nikasema, "Mbona wazi!
Huu wako upuuzi:
mgeni hufanya kazi,
ukutani hajafika."

Mpishi Shekue naye
akaiacha kaziye:
"Ngojeni niwaambiye,
hapo haitabanduka.

Bawa lataka upepo,
na ndege i papo hapo,
wa kuibeba haupo,
itakaa kama paka."

Tukawekeana dau:
ni sinia la pilau.
Thoya, pasi na dharau,
kijigari kakishika.

Ni cha mwanawe, cha bati,
visoda kwenye kijiti;
uzi kafunga kwa dhati
mbele, usije katika.

Mkanda akauwasha,
kigari akakishusha,
kidole uzi kavisha,
visoda vikazunguka.

Vikalia kama nyuki,
na kigari hakitoki,
wala nyuma hakishuki:
uzi umeshakishika.

Akauzidisha mwendo,
visoda vyatoa shindo;
uzi hauvuti fundo,
hauzidi kukazika.

Kisha kauvuta uzi:
kigari, bila ajizi,
kikaja, kama mkwezi
kileleni akifika.

"Uzi," kasema, "injini;
haina haja na chini,
hujikokota hewani:
hewa, si mkanda, kaka!

Mgeni ana miguu,
mshiko wake ni huu;
ukimkwepa, nafuu
hapati, hutaabika.

Ndege, gurudumu lake
huteleza peke yake;
mkanda ulipeleke,
maradufu lazunguka.

Yenyewe yasonga mbele,
upepo, Shekue, tele:
bawani wapita ule
uliosema lataka."

Shekue, midomo wazi.
Kumbe jikoni mchuzi
moshi wapanda ja uzi,
pasi uwanja waruka!

Jioni, njia ya Gedi,
kwenye seng'enge baridi,
nilisita makusudi,
ndege ya mwisho yatoka.

Sikuangalia bawa,
wala walochukuliwa;
jicho langu lilitiwa
tairini: zazunguka.

Ikaacha lami ile,
nazo zazunguka vile,
hazishiki hiki, kile,
kama zisizokumbuka.

Mwaka wa sita nakunja,
mshahara wa kuonja,
mkataba ni ujanja:
mwezi wa tatu wang'oka.

Usiniulize uzi
wangu u wapi; siwezi
kuutaja. Hii kazi
kesho tena nitashika.

Lakini uzi wa Thoya
nimeuokota, haya,
mfukoni nautiya:
shubiri, haujachoka.

Na Shekue, mjuliye:
"Kigari si ndege," yeye;
dau, ati, tungojeye
ya kweli tukiiweka.