Bondeni na Bondeni

Niliihamisha yenyewe kwanza, kitanda baadaye.
Kitanda kilikuja kwa lori siku ya tatu,
mguu mmoja umebaki Mtito Andei.
Bastola ilikuja nami katika pikapu ya shemeji,
imetulia kiunoni kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Nakuru nilikuwa na koti.
Miaka kumi na mmoja, koti lilelile la sufi, rangi ya majivu,
na baridi ya asubuhi ikinipa udhuru
wa kulifunga hadi kifungo cha mwisho.
Mombasa nani avae koti?
Shati limekugandama mgongoni kabla ya saa tatu,
na kila kilicho chini yake kinajitangaza.
Bi Zuhura, mwenye nyumba, alinitazama nyonga siku ya kwanza
akauliza kwa huruma kama nina ngiri.
Nikasema ndiyo.
Tangu hapo huniletea dawa ya mizizi katika chupa ya soda.
Huimwaga mferejini usiku.
Nisamehe, Bi Zuhura.

Leseni yasema naishi Bondeni.
Na kweli naishi Bondeni.
Shemeji alicheka hadi akakohoa:
"Mungu mwenyewe amekuhamishia karatasi! Nyamaza tu."
Lakini Bondeni ile ina vumbi la ziwa,
na Bondeni hii ina chumvi inayokula misumari,
nami siwezi kulalia jina kwa kuwa limefanana.

Basi nikaanza safari za karatasi.
Barua ya mkuu wa kituo kule, barua ya chifu wa huku,
risiti za kodi, picha mbili, masikio yaonekane.
Mzee wa mtaa, Badi Shekuwe, aliishika kalamu bila kuandika.
"Nikushuhudie ukaazi? Hujazika hapa. Hujaoza.
Hata pilau ya arusi ya juzi hukuila."
Jumamosi ile nikaenda kula pilau ya watu nisiowajua,
mkono mmoja kwenye sinia, mmoja ukishikilia shati.
Jumatatu akaandika.

Wakati huo chuma nacho kimeanza madoa mekundu.
Nakipangusa kila usiku kwa mafuta ya cherehani.

Kituoni, Koplo Mwakio alimwaga risasi juu ya gazeti,
akazihesabu kwa ncha ya kalamu.
"Ulinunua kumi na tano."
"Ndiyo."
"Na zipo kumi na tano."
"Ndiyo."
Akanitazama kama aliyenunua mwavuli
akahamia jangwani.

Sikumwambia kwamba walikuja mara moja, nikiwa sina kitu,
na Jerotich akalala nyuma ya kabati la saa
hadi saa zote zikagonga kumi na mbili, kila moja kwa wakati wake.
Hakuamka.
Tangu niwe nayo, hawajarudi.
Hesabu hiyo haina safu kwenye fomu.

Kulikuwa na mstari mmoja tu ulionishinda:
Sababu ya kumiliki silaha.
Zamani niliandika: duka la saa, fedha za jioni.
Duka sasa linauza vipuri vya pikipiki.
Huku nina chumba kimoja, redio,
na chupa tupu saba za Bi Zuhura zinazosubiri kurudishwa.
Nikaandika: Mazoea.
Koplo akasoma, akapiga mstari mwekundu, si kwa ubaya.
"Hiyo si sababu, mzee.
Muda wako waisha tarehe thelathini.
Rudi Alhamisi, uje na sababu."

Leo Jumanne.
Bi Zuhura amebisha, chupa mkononi, ya moto bado.
"Ehe, mwanangu, ile ngiri imepungua?"
"Bado, Bi. Bado ipo."
Akasimama mlangoni, hana haraka.
Nikainywa yote mbele yake.
Chungu!
Akapokea chupa, akaniambia kesho ataongeza asali.