Mshono Uliorukwa

Linauzwa. Neno hilo nililiandika mara tatu,
mara tatu nikalipiga mstari.
Desmond ananisomea maneno kutoka kitini kwake,
mikono ameikalia isitetemeke:
"Andika: gari la mashindano, mwaka thelathini na tano,
la pekee. Halina pacha wala mdogo wake."

La pekee. Naam. Ndugu wawili wa Horncastle,
Aldous na Percy Wragg, mafundi wa mashine za kupuria ngano,
walilijenga nyuma ya tanuri la mwoka mikate
kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na joto usiku.
Injini waliitoa kwenye teksi iliyozama mfereji,
mkia wakaukunja kwa bati la tangi la maziwa.
Lilishindana mara sita. Likashinda mara moja,
mlimani, siku ya mvua,
wenye magari ya maana walipoogopa matope.
Kisha vita. Kisha kuku.

Usicheke. Miaka thelathini na minane kuku walitaga
pale alipokaa dereva,
na siku tulipolivuta kwa trekta kutoka banda la Bi. Scrimshaw
jogoo alitufuata hadi barabarani, akidai chake.

"Andika," anasema, "kila kitu kimerudishwa."
Majira ya baridi kumi na tisa.
Hayo siyaandiki. Nani atanunua baridi yangu?
Chai iliyopoa kando ya kabureta,
spoki zilizokazwa moja moja kama mtu asukaye nywele,
kijani cha chupa tabaka kumi na mbili,
na chesisi ikining'inia kwa minyororo mwaka mzima
kama ng'ombe aliyechinjwa akakosa mlaji.
Nilikuwa na mke mwenza, jamani, wa chuma,
na harufu yake ya mafuta ikiyashinda marashi yangu.

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi hili lilikaa mwezi mzima,
halijiuzi, halijitembezi,
mdomo wa rediata wazi
kama mgeni asiyejua kama chakula kimekwisha.

Jumanne akaja bwana mmoja wa Harrogate, Farquhar,
glavu za ngozi, tochi ndogo.
Akalala chali juu ya gunia, akalichungulia tumbo.
Akagonga. Akanusa. Akauliza kama boliti ni za kale.
Desmond akajibu kama mtahiniwa.
Kisha kidole kikasimama kitini,
ubavu wa kushoto, chini:
"Hapa mshono umerukwa."

Nikasema ni mimi.
Ngozi hiyo niliishona mimi, kwa sindano ya magunia,
na hapo ndipo aliponiita, usiku wa Februari,
kwa jina ambalo hakulitamka tangu uchumba.
Nikaacha uzi, nikakimbia na ndara zangu thelujini,
nikalikuta linanguruma, banda zima buluu kwa moshi,
na yeye analia, uso masizi matupu,
machozi yamechimba barabara mbili.
Niliporudi kwenye uzi nilikuwa nimesahau nilipoishia.

Bwana akaguna. Akaomba apunguziwe pauni mia.

"Huo hauuzwi," nikamwambia. "Huo unaazimwa.
Bei ni ya vingine vyote."

Akalipa kamili.
Walipolifunga kamba juu ya trela,
Desmond aliegemea dirisha la lori:
"Gia ya tatu ina kiburi. Usiilazimishe.
Ihesabie moja, mbili, ndipo uibembeleze."
Na mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu mavuno,
ulikuwa umetulia tuli,
umeshika gia isiyokuwapo.

Jioni tulisimama mlangoni mwa banda.
Doa la mafuta. Minyororo miwili. Mwangwi.
"Sasa nafasi yote hii," akasema, "ya nini?"

"Tufuge kuku," nikamjibu.

Akaniangalia kwa muda mrefu,
kisha akaanza kupima ukuta kwa hatua.