Namba Ndani ya Mkebe

Alhamisi, saa mbili usiku, duka la mkate likishafungwa,
tunaingia kwa mlango wa nyuma, viatu vikitema maji.
Valdivia hainyeshewi; Valdivia inakaa ndani ya mvua
kama tambi ndani ya mchuzi.
Ondina ameacha tanuri wazi kidogo litupashe magoti.
Juu ya meza ya unga, vitabu; chini yake, paka asiye wa mtu.

Januari, kiangazi chetu, kila mmoja aliandika namba,
akaikunja, akaitia katika mkebe wa hamira:
vitabu nitakavyosoma mwaka huu, Mungu akipenda
na macho yakikubali.
Mimi niliandika hamsini na mbili.
Miaka thelathini na moja nilihesabu magogo kiwandani,
kwa hiyo namba kubwa hainitishi; hunitisha kurasa.
Leo ni Julai. Nimefika tisa,
na kimojawapo ni cha mapishi.

Yasna, muuguzi wa zamu ya usiku, ameshavuka thelathini.
Husoma kati ya dripu na dripu.
"Muuaji wangu," asema, "jana alisimama mlangoni na bastola
saa nzima, akinisubiri nibadilishe shuka."

Ondina hana subira na riwaya zenye ndoto.
"Mtu akianza kuota, naruka. Ndoto zake zinanihusu nini,
naye hata kodi hajalipa?"
Kijana Eliecer, mfunga mikate, hutetea ndoto zote
kwa mashavu mekundu, na hutetea zaidi
ile riwaya ya dada wawili na nyumba ya bati
niliyoiponda wiki iliyopita mbele ya wote:
nikasema imepoa, nikasema mwandishi anajipenda,
nikasema, Mungu anisamehe, mwisho wake ni wa uongo.

Bwana Fermín, fundi saa, aliandika moja.
Moja tu; hakuificha hata siku ile.
Kitabu cha marehemu mkewe, Griselda, kurasa mia tisa,
tiketi ya basi imebanwa ukurasa wa mia nne na kumi na mbili.
"Nitafika alipofika," alisema, "kisha nimsomee kilichobaki."
Yasna akakata mkate usiohitaji kukatwa.
Tangu hapo tunamuuliza kwa sauti ya chini,
kama watu wanaomjulia hali mgonjwa: umefika wapi?
Mia na sabini. Mia mbili na tisa. Mia tatu, bado natambaa.

Leo ameketi, hakuvua koti.
Kitabu juu ya unga, tiketi mkononi.
"Nimefika."
Tanuri likapumua.
"Na?"
"Na kitabu ni kibaya.
Kibaya sana! Ukurasa ule bwana mmoja anasimama
kuhutubia juu ya roho, na hakai chini
hadi mia nne na arobaini.
Miaka minne nilidhani ni mauti yaliyomkatiza.
Nimeitazama tiketi: ya Machi, mwaka mzima kabla hajaugua.
Hakukatizwa. Alichoka!"
Akaanza kucheka, fundi wa vitu vidogo,
cheko lisilo saizi yake,
na Ondina akamfuata, na machozi yakafuata nyuma yao
bila kuulizwa yanatoka wapi.
"Alichoka, na hakuniambia,
kwa kuwa zawadi ile nilimpa mimi."

Kisha akauliza, akipangusa unga jaladani,
iwapo kitabu ulichokiacha katikati kinahesabika.
Yasna: nusu ni nusu.
Eliecer: kinahesabika kama kilikukasirisha.
Ondina: ukimpa mwingine naye aumie, ndiyo.
Nami, mhesabu magogo, nikaulizwa hukumu,
nikakumbuka gogo lenye uwazi ndani:
tulilipima kwa nje, tukaandika, tukapitisha.

Nikafungua mdomo, likatoka lingine:
"Ile ya dada wawili... niliishia ukurasa wa thelathini.
Mwisho wake siujui."

Eliecer hakusema kitu. Akaenda kwenye kabati la sukari
alikoiweka isilowe,
akaifunga kwa karatasi ya mkate, mara mbili, na uzi juu.
Nimetembea nayo chini ya koti, kando ya mto,
simba wa bahari wakikoroma gatini kama walevi.
Bado ina joto la tanuri.
Ukurasa wa thelathini na moja.
Kwanza nikaushe soksi.