Kodi ya Vivuli

Nilimjua Ishbel kabla jina lake halijapanda jaladani,
alipokuwa Rennie wa zamu ya usiku,
dobi wa hospitali kama mimi, hapa Dundee,
vidole vimechujuka kwa sabuni.
Mashine zikinguruma, yeye huandika
nyuma ya karatasi za kuhesabia mashuka:
upande huu foronya arobaini, blanketi sita,
upande wa pili ufalme mzima
ambako mtu hutozwa kodi kwa urefu wa kivuli chake.

"Huku tungefilisika," nikamwambia.
"Jua la Desemba halipandi. Mfupi kama mimi
nina kivuli cha mnara."
Akacheka. Wiki ya pili nikayakuta maneno yangu
kinywani mwa mlinzi wa lango,
wala hakuniomba ruhusa.

Wachapishaji kumi na saba walimkataa
kwa barua za adabu, baridi kama vitasa.
Wa kumi na nane alikubali, ila akataka Mirrin,
binti wa miaka kumi na mitano aliyeuza kivuli chake,
awe mrembo kidogo zaidi.
Ishbel akamwongezea kovu.

Ikaja miaka ya vioo vya maduka,
ya kualikwa shule za Perth, watoto wamekata
vivuli vya karatasi nyeusi, wamejibandika migongoni.
Akamtengenezea mama yake meno.
Akanunua viatu visivyovuja.
Kitabu cha pili kikaishia katikati ya daraja:
Mirrin huku, mnunuzi wa kivuli kule,
na upepo.

Kisha kampuni ikauzwa.
Cha tatu hakitatoka. Mistari minne, na sahihi ya mtu asiyemjua.
Akarudi zamu ya usiku.
Sikumuuliza kitu. Nilimpa aproni yake;
ilikuwa bado kwenye msumari ule ule.

Miaka miwili hakuandika ila hesabu ya mashuka.
Hadi ikaja bahasha kutoka Arbroath, mwandiko wa kuinamia kushoto:
*Nilipoanza kusoma nilikuwa mdogo kwa Mirrin.
Mwezi ujao nitakuwa mkubwa kwake.
Sioni vizuri kumwacha pale peke yake.*

Nilimwona akiisoma mara tatu, amesimama,
mvuke unamlowesha nywele.
Kisha akavuta karatasi ya foronya, akaigeuza.

Majira yote ya baridi aligeuza karatasi.
Aliushona mswada kwa uzi wa chumba cha viraka,
nakala moja, ya msomaji mmoja,
na mimi nikamsindikiza posta.
"Paukwa," nikamchokoza kwenye foleni.
"Pakawa," akajibu, kama nilivyomfundisha,
kisha akafunga mdomo.
"Lakini alivuka?"
"Stempu umelipa wewe?"

Tukatoka. Saa tisa alasiri, jua limeshalala ubavu.
Vivuli vyetu vikatutangulia, virefu, bila kodi,
vikavuka barabara hadi ng'ambo.
Taa ikawaka nyekundu.
Tukasimama, tukangoja.